Mpira Mfupi na Kisogo cha Mama Mkwe

Leo nimempiga mama mkwe kisogoni. Kwa mpira wa tenisi.

Ngojeni kwanza. Kapteni, barua hii nakuandikia wewe kwa sababu anwani yako ndiyo ninayoikumbuka, lakini najua utaisoma kwa sauti katika chumba cha walimu, na wale wengine wa timu yetu ya chuo watakuwa wameshika mbavu kabla hujafika ukurasa wa pili. Basi soma. Sina heshima iliyobaki ya kulinda. Nimeketi katika hoteli moja hapa sokoni Kianjai, chai imeota utando, na daftari hili nimelinunua duka la jirani kwa sababu nilitaka kuipa mikono kazi. Baba mdogo Ireri bado yuko kule kwa wakwe anajaribu kuniombea msamaha. Mimi nimefukuzwa bomani. (Kwa upole. Lakini nimefukuzwa.)

Nianze mwanzo.

Kananu mnamjua. Ndiye yule muuguzi niliyekuja naye kwenye harusi ya Kapteni, aliyewacheka nyote mlipojaribu kucheza ngoma na tai zimelegea. Ni mwaka wa tatu sasa tunataka kuoana. Kila kitu kipo isipokuwa neno la baba yake. Na baba yake ni Mwalimu Mwirichia, mkuu wa shule aliyestaafu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata kuku wake hutembea kwa mstari. Kwa bahati mbaya, anacheza tenisi.

Msidhani ni tenisi ya klabu. Mwalimu alifundishwa mchezo huu ujanani, na alipostaafu aliona uchungu kuuacha. Akang'oa migomba nyuma ya nyumba, akasawazisha ardhi kwa jembe, akamwaga murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, akashindilia kwa pipa lililojaa mawe. Mistari huchora kwa majivu. Wavu aliufuma mwenyewe kwa kamba za katani. Anayo mipira mitatu, mmoja umetafunwa na mbwa mpaka umebaki na upara. Na hapo ndipo anapowapimia wanaume wanaotaka binti yake.

Wa kwanza alikuwa mkaguzi wa majani chai. Alimshinda Mwalimu sita kwa sufuri, akaambiwa binti bado anasoma. (Kananu alikuwa na miaka ishirini na sita na ameajiriwa.) Wa pili alikataa kucheza, akasema mgongo unamuuma. Akaambiwa mwanamume asiyetaka kuonekana akicheza ana jambo anaficha. Wa tatu ni mimi.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu kama isingekuwa tumbo la Mwalimu. Mwishoni mwa mwaka jana alianza kukonda. Kananu aliona faili, maana muuguzi hafichwi faili. Hospitali kubwa imemrudisha nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Ni miezi, si miaka. Mwalimu anajua, mkewe anajua, na katika nyumba ile hakuna anayelitaja. Wiki tatu zilizopita Kananu alikuja kwangu kule Kanja, Embu, akakaa kwenye stuli, chai hakuigusa.

"Nyaga," akasema, "nataka aniambie 'nenda' na mdomo wake mwenyewe. Sitaki kuambiwa na ndugu zake tukitoka makaburini."

Hilo ndilo nililoliendea leo. Neno moja, kutoka mdomo mmoja, kabla haujafungwa.

Tuliondoka Embu jana mimi na Baba mdogo, tukalala Meru mjini, asubuhi tukaja Kianjai. Barabara mnaijua ilivyo baada ya hii El Niño. Kilomita ya mwisho tulitembea na viatu mkononi, na Baba mdogo alikuwa amebeba kitita cha miraa kwenye kifua kama mtoto mchanga. Kwetu Embu hatuna desturi hiyo. Lakini huku Tigania, ukienda kuomba binti, unapeleka kitita kizuri kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Baba wa binti akikifungua, amekubali. Akikurudishia, umerudishiwa na safari yako. Kutafuna si lazima. Mwalimu mwenyewe hatafuni, ni mtu wa kanisa. Kinachotazamwa ni ile kamba, kama imefunguliwa ama la.

Pale langoni Baba mdogo alinivuta kando. Ni mtu wa maneno machache, na yote huyasema akiangalia pembeni.

"Sikia. Usimshinde."

"Sawa."

"Lakini usishindwe vibaya pia. Ataona umemdharau. Shindwa na shida-shida."

"Shida kiasi gani?"

"Shida ya mtu mzima," akasema, akavaa viatu.

Tukapokelewa vizuri. Wazee watatu wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye benchi kando ya kiwanja, fimbo katikati ya magoti. Mwalimu akatoka nyumbani, na jamani, niliona haya kumtazama. Alikuwa amevaa suruali ndefu nyeupe ya michezo, ameifunga kiunoni kwa tai ya zamani ya shule, kwa sababu mshipi umeishiwa matundu. Shati lilining'inia juu yake kama limeanikwa. Lakini mgongo ulikuwa wima, na macho yalikuwa yale yale ya mkuu wa shule aliyekukuta nje ya darasa. Akapokea kitita kwa mikono miwili. Akakiweka juu ya kigoda kando ya wavu, palepale nitakapokiona kila nikipiga mpira.

"Kwanza tucheze," akasema. "Seti moja. Wa kwanza kufika michezo sita."

Sasa sikilizeni mpangilio, maana hapa ndipo msiba ulipokuwa umenilalia. Kananu alikuwa amesimama kando ya tangi la maji na kipande cha makaa mkononi. Yeye ndiye wa kuhesabu, kwa Kiswahili, maana Mwalimu hataki wazee wakose kuelewa. Nyuma ya mstari wa Mwalimu, hatua kama saba hivi, kuna mlango wa jikoni. Hapo mlangoni alikuwa amekaa Mama Kananu, mbele yake karai la njahi, yale maharagwe meusi, zilizolowekwa majini, anazichagua. Na alikuwa ametupa mgongo.

Kwa heshima! Mama mkwe na mkwe mwanamume hawatazamani ovyo. Hamsalimiani kwa mkono. Mkikutana njiani, wewe unaingia kwenye nyasi. Akiwa na neno na wewe, analipitisha kwa mtu mwingine hata kama mnasikiana. Mama alitaka kusikia jinsi mambo yanavyokwenda, lakini hakutaka kuniangalia, basi akapata njia ya katikati: akakaa karibu, akageuka. Heshima yake ndiyo iliyomfanya asione kinachokuja.

Tukaanza.

Mwalimu anapiga mpira kwa ufundi, hilo nalisema bila kumpamba. Mkono unajua. Lakini nguvu imekwisha. Sevu yake, ule mpigo wa kuanzisha, ilikuwa inavuka wavu kwa kuomba ruhusa. Na mipira yake yote ilikuwa inaanguka mifupi, katikati ya kiwanja, miepesi, imeketi tu inaningoja.

Mifupi, ndugu zangu. Mnakumbuka. Mpira mfupi mwepesi ndio uliokuwa ugonjwa wangu chuoni. Kapteni ulikuwa ukinipigia kelele mpaka wapishi wanatoka nje: "Nyaga! Mpira mgumu unaupiga vizuri kwa sababu huna wakati wa kufikiri!" Na ile sheria yako naikumbuka yote. Ukianguka mfupi ukabaki chini ya kimo cha wavu, usukume mrefu hadi pembeni, kisha usogee mbele ungoje. Ukipanda juu ya bega, umalize. Mpinzani akiwa amejikita nyuma kabisa, udondoshe karibu na wavu. Chagua mapema. Raketi ikishaanza safari, usibadili nia.

Lakini sheria yako, Kapteni, haikusema lolote juu ya mkwe mgonjwa.

Kuumaliza? Nimfyatulie mzee kama ndege wa shambani? Kuudondosha? Mtu wa tumbo akimbie hatua kumi kwenye murram yenye matope, mbele ya binti yake? Kuusukuma pembeni? Bado angekimbia. Basi nikavumbua shoti ya nne, ambayo haipo katika kitabu chochote. Nikawa namrudishia mpira mkononi. Taratibu. Katikati. Kwa adabu, kama ninamkabidhi yai. Nyingine nilizipiga kwenye wavu kusudi, nikajipiga paja na kusema "Aaah!" (Uigizaji wangu mnaujua. Niliwahi kuwa maiti katika tamthilia ya chuo na nikapiga chafya.)

"Nne kwa mbili," akasema Kananu, bila furaha. "Baba anaongoza."

Nikamtazama Baba mdogo. Akaitikia kwa kichwa kidogo: vizuri, shida ya mtu mzima.

Mwalimu akaukamata mpira uliofuata kwa mkono, akasimama. Akatembea hadi kwenye wavu. Akanipungia kidole nije. Nikaenda.

"Kijana," akasema kwa sauti ya chini, "umekuja kuoa ama umekuja kunitembelea hospitali?"

Nikaangalia mpira mkononi mwake.

"Nimefundisha watoto miaka thelathini na nne. Najua mtoto anayekosa hesabu na anayekosea makusudi. Huyo wa pili nilikuwa nampiga." Akapumua. Niliona jasho limemtoka juu ya mdomo, na hatukuwa tumecheza hata nusu saa. "Kila mtu katika boma hili ananisemesha polepole. Mke wangu ananikatia nyama. Wewe pia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi cheza tenisi."

Jamani, maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimekuja kuomba neno kwa mtu, na muda wote nilikuwa nacheza naye kama ameshakufa. Nikaona aibu ya kweli, siyo hii ya mpira. Nikarudi nyuma, nikacheza.

Nikafuata sheria yako, Kapteni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ilifanya kazi! Mfupi ulio chini, mrefu pembeni, nasogea. Mfupi ulio juu, namaliza. Nne kwa tatu. Nne kwa nne. Na Mwalimu akafufuka. Akaanza kunidondoshea yeye! Mara mbili alinikimbiza hadi nikapiga magoti kwenye murram, na wazee wakapiga fimbo chini. Mmoja alisema kitu kwa Kimeru na wote wakacheka. Kananu ameniambia baadaye alisema huyu wa Embu anasali vizuri. Mwalimu alikuwa anatabasamu. Hata Mama kule mlangoni, ambaye haoni kitu, mabega yake yalikuwa yanacheka.

Tano kwa nne, mimi ninaongoza.

Hapo ndipo nilipokumbuka yule mkaguzi wa majani chai.

"Thelathini kwa arobaini," akasema Kananu. Pointi moja tu, na mimi ndiye ningekuwa nimemshinda. Nikimshinda, je, ataniambia binti bado anasoma? Nikijiangusha, ataona, na nilimwahidi dakika kumi zilizopita. Nikatazama kigoda. Kitita kilikuwa palepale, kamba haijaguswa. Nikamtazama Baba mdogo. Baba mdogo alikuwa anatazama ng'ombe wa jirani.

Mwalimu akapiga sevu. Nikairudisha. Akapiga tena, mpira ukaja mfupi, mwepesi kuliko yote ya leo. Ulianguka katikati, ukagonga kikokoto, ukapanda. Ukapanda hadi begani, ukasimama hewani unanisubiri kama mgeni mlangoni.

Juu ya bega: maliza. Sheria ni hiyo. Nikavuta raketi nyuma.

Na hapo nikamwona Mwalimu. Alikuwa ameinama kidogo, mkono wa kushoto umeshika tumbo, uso umekunjamana. Alikuwa nyuma kabisa, upande wa kushoto. Nikawaza: usiumalize, udondoshe. Raketi ikageuka njiani. Halafu nikawaza: atakimbia, ataanguka. Basi mrudishie mkononi. Halafu nikasikia: umekuja kunitembelea hospitali? Basi mrefu pembeni! Hayo yote, ndugu zangu, nusu sekunde. Nilibadili nia mara tatu na mkono ukatii zote tatu kwa pamoja.

Ilikuwa nguvu ya kumaliza, mkunjo wa kudondosha na mwelekeo wa kusukuma mrefu. Mpira ukapita juu ya Mwalimu. Ukavuka mstari wa majivu. Sikuona ulipotua. Nilisikia. Ulitoa sauti ya boga.

Mama Kananu akaingia kichwa kwanza ndani ya karai la njahi.

Hata kuku walikoma.

Kufikia hapo bado nilikuwa naweza kuokoka. Kupiga kwa bahati mbaya kunasameheka. Mtu mwenye akili angesimama alipo, akaweka mikono kichwani, akaacha wanawake waende. Lakini mimi nilimwona Mama Kananu haoni na hapumui ndani ya maji ya njahi, na miguu yangu ikaanza safari bila kuniuliza. Nikauruka wavu. (Sikuuruka. Niliuingia. Nilianguka nao, nikauburuta hatua kadhaa kwa kifundo cha mguu, na nikakipiga kigoda teke. Kitita cha miraa kikabingirika matopeni.) Nikamfikia kabla ya mtu yeyote. Nikamchukua.

Ndiyo. Nilimbeba. Mikononi, hivi, kama bibi harusi. Mama mkwe! Ambaye sitakiwi hata kukanyaga kivuli chake!

Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimebaki ndani ya karai. Nywele zake nyeupe zilikuwa nje, mbele yangu, mbele ya wazee, mbele ya mbingu, na njahi tatu zimenasa juu ya sikio. Alikuwa na mkwaruzo juu ya jicho na damu kidogo. Akafumbua macho. Akaniona. Akayafumba tena haraka.

"Samahani Mama! Samahani sana Mama!" nikawa namwambia, usoni kabisa, na kumkumbatia zaidi.

Akageuza uso upande wa tangi, akasema kwa heshima zake zote:

"Kananu. Mwambie huyo mtu aniweke chini."

Kananu, raia mwema, akapaza sauti: "Nyaga, Mama anasema umuweke chini!"

"Nimuweke wapi?"

"Mama, anauliza wapi?"

"Mwambie mahali popote!"

Nikamweka kwenye kiti. Na kwa kuwa shetani alikuwa bado hajamaliza zamu yake, nikaona aibu ya kile kichwa kilicho wazi, nikachukua kitambaa kutoka kwenye karai, nikakikamua, nikamfunga. Mimi mwenyewe. Nikapiga na fundo. Mzee mmoja alisema "Mwathani!", yaani Mungu wangu, akaweka kofia usoni. Baba mdogo Ireri alikuwa ameketi chini, si kwenye benchi, chini, kwenye nyasi.

Ndipo tukasikia sauti nyuma yetu. Mwalimu alikuwa amepiga magoti katikati ya kiwanja, paji la uso karibu na murram, mabega yanatetemeka. Nikadhani analia. Kananu akakimbia. Alipomwinua tukaona: alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka, anajaribu kusema kitu, anashindwa, anaonyesha kidole kwenye kitambaa cha mkewe, anacheka tena. Kananu akaanza kucheka naye, mkono begani mwake. Kwa muda mfupi, niwaambie kweli, palikuwa pazuri pale.

Halafu kicheko kikageuka. Sijui hasa ni wakati gani. Mdomo ulikuwa bado umefunguka lakini sauti haikuwa tena ya mtu anayecheka. Akashika tumbo kwa mikono yote miwili. Kananu aliacha kuwa binti akawa muuguzi, akatuambia tushike wapi. Tukampeleka ndani mimi na mzee mmoja. Alikuwa mwepesi. Sitaki kuwaambia jinsi alivyokuwa mwepesi.

Kwa hivyo saa saba mchana Mwalimu yuko kitandani upande huu wa ukuta, Mama yuko kitandani upande ule na kitambaa cha maji baridi. Nimewalaza wakwe wote wawili kwa mpira mmoja.

Wazee wakakaa kikao palepale sebuleni, mlango wazi, ili Mwalimu asikie. Kumpiga mama mkwe ni jambo moja. Kumbeba ni la pili. Kumwona kichwa ni la tatu. Walikubaliana kwamba mambo haya kila moja linajulikana dawa yake, lakini hakuna aliyewahi kuyaona yote matatu kutoka kwa mtu mmoja kabla ya chakula. Wakasema lazima aletwe kondoo dume, achinjwe, Mama atakaswe, ndipo maneno ya posa yaendelee.

Sauti ya Mwalimu ikatoka chumbani, nyembamba. "Mambo ya kondoo sisi watu wa kanisa tuliacha."

Halafu sauti ya Mama, kutoka chumba cha pili:

"Mimi sikuacha."

Kesi ikaisha.

Mzee mmoja akanishika kiwiko, akanitembeza hadi langoni kwa upole, akaniambia si vizuri nikae katika boma wakati Mama yuko katika hali ile. Kananu akanifuata mpaka kwenye ua. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua ni kile kicheko ama ni kile kilichofuata.

"Ulikuwa mpira mwepesi, Nyaga," akasema. "Mwepesi tu. Shoti yoyote kati ya zile tatu ingekuwa sawa."

"Najua."

"Nilitaka neno moja tu."

Akarudi ndani. Mimi nikatembea hadi hapa sokoni na murram magotini, nikaagiza chai hii ambayo sijainywa. Naogopa, ndugu zangu. Sicheki. Nawaza kwamba nilikuwa na siku moja ya yule mzee, siku nzuri, siku aliyosimama wima na kutabasamu, na nimeitumia kumlaza. Siku kama hizo hazijajaa katika lile faili.

Ngojeni, Baba mdogo anaingia.

Sasa nimerudi. Tumezungumza. Naandika kama alivyonieleza, na mnajua anavyoeleza: alianza kwa kuagiza mandazi.

Nilimtazama mikono kwanza. Ilikuwa mitupu. Kitita hakikurudishwa. Nikataka kuruka.

"Kaa," akasema. "Hakukifungua pia."

Mwalimu alipopata nafuu kidogo aliuliza kiko wapi. Wakamletea kimejaa matope. Akaagiza majani mabichi ya mgomba, akaketi kitandani, akatoa yale machafu bila kugusa kamba ya ndani, akakifunga upya kwa mikono yake. Ilimchukua muda mrefu na hakukubali kusaidiwa. Akakiweka chini ya kitanda, penye baridi. Kisha akamwambia Baba mdogo: "Miraa hukaa siku tatu, halafu ni kuni. Huyo kijana akileta kondoo kabla haijanyauka, nitaongea na yeye."

"Ni hayo tu?"

"Anasema mpira ulitoka nje. Pointi ni yake. Ni arobaini kwa arobaini, sare, na Kananu ameandika kwenye tangi kwa makaa, mtu asifute." Akameza andazi. "Anasema mtamalizia hapo."

"Atasimama? Atacheza?"

Baba mdogo akaangalia pembeni, kule wanakouzia vitunguu. "Mimi naleta maneno tu," akasema.

Basi ndivyo nilivyo. Leo Jumamosi imekwisha nusu. Kesho watu wako kanisani, hakuna atakayeniuzia kondoo. Ninayo Jumatatu. Katika boma lile kuna vitu viwili vinavyonyauka, na kimoja tu ndicho tulichoweza kukifunga kwa majani mabichi. Mimi alfajiri ya Jumatatu nitanunua kondoo, mchana nitakuwa langoni, na ule mpira mfupi ukija tena, nimeshachagua: mrefu, pembeni, nasogea mbele. Akimbie. Anataka kukimbia.

Nikadhani Baba mdogo amemaliza. Akapangusa vidole, akakohoa.

"Na Mama ametuma neno. Ameuambia ukuta, ukuta ukamwambia Kananu, Kananu akaniambia mimi. Kondoo awe wa rangi moja. Na aje na miguu yake mwenyewe. Usimbebe."

Kapteni, soma hapo mara ya pili kama wanataka. Chekeni, ni haki yenu, ningecheka pia. Ila baada ya kucheka kila mmoja aniombee siku mbili za yule mzee. Na tafadhali, mtu akitaka kunicheka anicheke akinitazama usoni. Kisogo, mimi, sijiamini nacho tena.